Karatasi Iliyokosekana Katika Beseni

Maman Nsimire tulimzika siku mbili kabla ya Bonané, sikukuu ya mwaka mpya, na mimi nilifika Bukavu nikiwa na matope ya kisiwa cha Idjwi bado kwenye viatu. Neema, binti yake, alikuwa amenipigia simu asubuhi nikivuna maharage. "Yaya, maman ameenda," alisema, akiniita dada mkubwa kama siku zote, kisha simu ikakatika, sijui kwa sababu alikuwa analia au kwa sababu salio lilimwishia. Nikapanda boti ya kwanza niliyoipata. Abiria wenzangu walizungumza kwa sauti ya chini kuhusu mji, nani amehama, nani amerudi, shule ipi imefunguliwa na ipi bado, na kila mmoja alimalizia kwa kusema Mungu anajua, kama watu wasemavyo wanapokosa lingine la kusema. Mwaka mpya ulikuwa mlangoni na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka ya kuufungulia. Mimi nilikaa na kitenge changu cha kilio kichwani, nikiwaza jambo moja la kitoto kabisa, jambo la aibu kwa mwanamke mwenye wajukuu, aliyefundisha watoto wa watu mpaka akastaafu. Nilikuwa nawaza: sasa nani atalitaja jina langu asubuhi, kama alivyowahi yeye?

Ili jambo hilo lieleweke, sina budi kurudi kwenye mwaka niliokaa kwake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyotoka Idjwi na kwa nini, hiyo ni habari ya watu wengine, na wengi wao wamekwisha kufa, tuiache. Yatosha kusema kwamba nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa sita wa ualimu, sixième péda kama tulivyouita, kwamba mwaka ule nilikuwa nirudie mtihani wa serikali baada ya kuanguka mara ya kwanza, na kwamba Maman Nsimire alinipa nusu ya kitanda katika nyumba yake ya Kadutu, mjini Bukavu. Nusu ya pili ilikuwa ya Neema, aliyekuwa na miaka mitano na aliyelala akirusha mateke kama mchezaji mpira. Ukuta wetu wa mbao ulibandikwa kurasa za kalenda za zamani, watakatifu, meli, milima yenye theluji ya nchi za watu, na mimi nilisoma masomo yangu yote nikiukodolea macho mwezi wa nane wa mwaka ambao sikuwa nimezaliwa. Dirisha lilikuwa dogo. Ukiinama kidogo uliona mabati ya nyumba za chini yakishukiana mlimani, na mwisho wake kipande cha ziwa chembamba kama mkanda wa gauni. Nilikipenda kipande kile kupita kiasi. Hata sasa, ninapokaa kwangu Idjwi na ziwa lote liko mbele yangu, bure, kutoka upande hadi upande, nakitamani kile cha dirishani.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na jiko, na ukuta ulikuwa hauzuii neno. Kila asubuhi, kabla hajaenda kuuza mboga zake sokoni, Maman Nsimire alikaa kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko lake dogo, akingoja makaa yashike na chai ichemke, na hapo ndipo aliposali. Hakusali kwa kunong'ona. Alizungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na kaka yake mkubwa aliyeahidi kupita na hajapita. "Baba, ile mvua ya jana ilikuwa mingi, unatuonea. Angalia ile nyumba ya kule chini, itaanguka. Fanya namna." Kikombe kikagonga sahani. "Na Faida. Mimba inakua na bwana iko Shabunda, haandike, hatume hata mutu. Minakukumbusha tu." Nililala nikisikiliza, mguu wa Neema ukiwa ubavuni mwangu, harufu ya makaa na ya chai ikipenya kwenye nyufa za mbao. Sijawahi tena kuamka vizuri hivyo katika maisha yangu. Nimeamka mahali pazuri zaidi, kitandani peke yangu, lakini si vizuri hivyo.

Maman Nsimire alikuwa kiongozi wa shirika letu, yaani kundi la majirani Wakatoliki wa mtaa mmoja waliosali pamoja kila juma, na shirika lile lilikuwa na desturi yake ya Bonané. Jumapili ya kwanza ya mwaka, baada ya Misa, wote walikusanyika nyumbani kwake kula. Baada ya chakula lilipitishwa beseni la bati lenye ukingo wa buluu, limefunikwa kitambaa ili mtu asichungulie, na ndani yake vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja kina jina la mmoja wetu. Yule uliyemwokota ndiye alikuwa mtu wako wa mwaka. Ulipaswa kumwombea kila asubuhi kwa kumtaja jina na kumtendea mema bila yeye kujua, wala hukuruhusiwa kumwambia mtu yeyote, hata mume wako. Bonané iliyofuata kila mmoja alisimama, akamtaja mtu wake, akarudisha kikaratasi ndani ya beseni, na vyote vikachomwa. Kwa njia hiyo hakuna aliyeingia mwaka peke yake. Na wazee waliamini kabisa kwamba mkono unapozama chini ya kitambaa si wewe unayechagua.

Mwaka ule vikaratasi niliviandika mimi. Katibu wa zamani alikuwa amehamia Nyantende, na Maman Nsimire aliona mwandiko wangu, ule wa duara duara tuliofundishwa kwa ajili ya ubao, akasema kazi imepata mtu. Mwenyewe hakujua kusoma, aliweza tu kuandika jina lake, polepole, ulimi ukichungulia nje. Basi nikaketi mezani na daftari la shirika, nikanakili jina baada ya jina nikiyasoma kwa sauti, naye akiwa jikoni anajibu kila jina "eeh" kama anaitwa yeye. Kisha wageni wakaja, tukapakua. Kulikuwa na wali, nyama ya mbuzi, bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyokolea mawese, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, waliokwisha kabla ya vyote. Nilipakulia watu wote, watu wazima na watoto, na nilipotaka kukaa nikakuta hakuna sahani tena wala chakula cha maana sufuriani. Maman Nsimire alicheka mpaka akashika kiuno. Akanivuta kando yake, akanigawia nusu ya sahani yake. "Weye unapakuaka kama mwalimu kweli," akasema. "Unahesabu darasa yote, unasahau ule anasimama mbele." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikala. Ningeyasikiliza vizuri maneno yale ningejiepusha na mwaka mzima wa taabu.

Beseni likapita. Maman Nsimire alilibeba mwenyewe kutoka mtu hadi mtu, na mimi kama katibu niliokota wa mwisho. Niliingiza mkono chini ya kitambaa, na kucha zangu zikakwaruza bati tupu. Nikatafuta pembeni, nikazungusha. Hakukuwa na kitu. Watu ishirini na wawili wa shirika walikuwa ndani ya chumba kile, na ishirini na mmoja walikuwa wameshika karatasi zao. Nilielewa mara moja kwamba nimekosea, kwamba kuna jina sikuliandika, kwamba mtu mmoja kati ya hawa wanaopangusa mawese midomoni ataingia mwaka huu bila wa kumwombea, kwa uzembe wangu. Maman Nsimire alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Nami nikafanya kile afanyacho mtu wa miaka kumi na tisa aliyekwisha kuanguka mtihani mmoja na asiyetaka kuonekana mjinga mara ya pili: nilikunja ngumi, nikaitoa nje kana kwamba imeshika kitu, nikaibana kifuani. "Aya, tuimbe," akasema Maman Nsimire, akalichukua beseni lake.

Wewe unayesoma pengine umekwisha kujua jina lililokosekana lilikuwa la nani. Mimi sikujua. Nacheka ninapoandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililipekua daftari la shirika mara kumi, na kila jina la daftarini nilikumbuka nikiliandika, na kila jina nikaanza kulitilia shaka. Kuliuliza shirika lingekuwa jambo la dakika moja, lakini kila siku iliyopita iliongeza aibu, na baada ya majuma mawili aibu ilikuwa imekuwa kubwa kuliko kosa. Basi nikabuni mpango wangu. Nyuma ya kaye yangu ya Kifaransa, daftari langu la shule, niliandika majina yote ishirini na moja, nikaapa kuwaombea wote kila asubuhi, mmoja mmoja, huku nikichunguza nani anatendewa mema kwa siri. Nikimwona mtu amepata wema usio na mwenyewe, ningejua ana wake, ningemkata. Atakayebaki mwisho ndiye wangu.

Kuwataja watu ishirini na moja huchukua muda, hasa usipotaka kuwataja kama mtu anayeita mahudhurio. Nilipiga magoti kando ya kitanda mpaka magoti yakaota sugu, na upande wa pili wa ukuta chai yangu ikapoa. "Furaha!" Maman Nsimire aliita asubuhi moja. "Mutu yako ya mwaka iko na mapepo ngapi? Juu ya nini sala ndefu hivi?" Nikamjibu ana shida nyingi. "Maskini," akasema, na nikasikia anaifunika chai yangu kwa kisahani.

Niliyemshuku kwanza alikuwa Papa Zihindula, seremala, mjane mwenye kikohozi na hasira, ambaye watoto walipita mbele ya karakana yake wakikimbia. Nilisema moyoni, kama kuna mtu Mungu angeruhusu asahaulike ni huyu. Alfajiri mbili tatu nilipita nikamfagilia mbele ya mlango kabla ya kwenda shule. Siku ya nne akanikamata na ufagio mkononi. "Ni weye unaibaka vumbi ya mbao zangu?" akafoka. Maranda yale aliyauza kwa wenye kuwasha moto, na kwa wema wangu wote nilikuwa nimeyazoa na kuyatupa bondeni. Niliomba radhi. Akakohoa, akasema, "Kama unapenda kufagia, fagia, lakini uache mu gunia." Baadaye, mwezi wa pili, nikaona kwenye dirisha lake sambaza waliofungwa katika jani la mgomba, bado wa moto, na mzee akiwageuzageuza huku akiangalia barabara juu na chini. Nikafurahi sana. Nilikwenda nyumbani nikamkata Papa Zihindula kwa mstari ulionyooka, na asubuhi iliyofuata sikulitaja jina lake.

Kisha nikamgeukia Faida. Alikuwa ananizidi miaka minne tu, na tumbo lake lilikuwa limeshuka. Mumewe alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu, na kila juma nilimsindikiza kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Tulikaa kwenye benchi, yeye ameshika tumbo, mimi nimeshika kaye yangu, tukisikiliza sauti za wengine zikikwaruza kuulizia chumvi na ndege na ndugu, mpaka sauti ya Shabunda ijibu kwamba bwana huyo hajaonekana. "Labda iko ndani mu pori," Faida alisema kila tulipotoka, na mimi kila mara nilisema, "Njo vile," yaani ndivyo. Nilikuwa nimeshaamini kwamba jina lililopotea ni lake, na kwamba ukimya ule wa Shabunda nimeuandika mimi kwa kutomwandika. Nilimwombea kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka shimoni. Mwezi wa tano mtoto akazaliwa, msichana, mzima, na asubuhi ile ile mlangoni kwa Faida kikaonekana kitanda kidogo cha mtoto cha mbao nyeupe, kimepigwa randa mpaka kinateleza, hakuna aliyekiona kikiletwa. Ningekuwa na akili ningejiuliza mbao zile zimetoka wapi. Mimi niliona tu kwamba Faida naye ana wake. Nikamkata. Mwezi wa nane mumewe alirudi, mfupa na ngozi, bila dhahabu, akalala majuma matatu na malaria, lakini alirudi.

Mtihani nilifanya mwezi wa sita. Siku ya kwanza, ndani ya mfuko wangu wa shule nilikuta yai la kuchemsha na kalamu mpya ya buluu. Sikujiuliza vimetoka kwa nani, maana katika nyumba ile vitu vizuri vilitoka kwa Maman Nsimire kama moshi unavyotoka jikoni, na mtu haulizi. Nilifaulu kwa shida, nikasikia jina langu redioni, Maman Nsimire akapiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna arusi. Nikabaki Kadutu kungoja nafasi ya kufundisha. Kwenye orodha yangu walikuwa wamebaki watu watano.

Ndipo mwezi wa kumi Papa Zihindula akafa. Kikohozi kilimshika kwenye mvua za kwanza, akakataa kupelekwa hospitali, na asubuhi moja mtu aliyekwenda kuchukua kiti chake alimkuta ameegemea benchi la kazi, randa iko mkononi. Sikulia kama watu wengine. Nilikwenda kufungua kaye yangu, nikautazama mstari ule ulionyooka juu ya jina lake. Nilikuwa nimemkata kwa ajili ya sambaza! Sambaza ambao jirani yeyote huweza kuweka dirishani! Tangu mwezi wa pili sikuwa nimemwombea, na kama yeye ndiye aliyekosa karatasi, basi alikuwa amekufa bila mtu hata mmoja kumtaja mbele za Mungu. Wakati ule niliyaona maombi kama mwavuli: mwenye nao hanyeshewi. Mara tatu nilikwenda jikoni kumwambia Maman Nsimire, na mara tatu nikaishia kuosha sahani zilizokuwa safi. "Uko na kitu mu roho," alisema mara ya tatu, bila kugeuka. "Siku yake itafika." Nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba, nimeshika nguo za watu zilizokuwa kwenye kamba.

Siku yake ilifika Jumapili ya kwanza ya mwaka. Wali, mbuzi, sombe, chumba kilekile, kiti kimoja kitupu. Baada ya kula Faida alisimama wa kwanza, mtoto mgongoni. "Mutu yangu ilikuwa Papa Zihindula," akasema. "Nilimupelekeaka sambaza. Nilimuombea mpaka siku alikufa, na mpaka leo naendelea, sijue kuacha." Basi mzee alikuwa na wa kumwombea. Maman Nsimire akanipa karatasi iliyokunjwa. Ilikutwa, alisema, ndani ya sanduku la vyombo vya marehemu, tusomee. Nikaikunjua, nikakuta mwandiko wangu wa duara. "Faida," nikasoma. Faida alimfungua mtoto mgongoni akampakata, na sote tulikuwa tunakifikiria kitanda kile cha mbao nyeupe.

Wakaendelea, mmoja mmoja, na vikaratasi vikarudi katika beseni. Nilipobaki peke yangu nilisimama na mikono mitupu. Nikasema sina mtu, kwamba nilikuta beseni halina kitu, kwamba nilisahau kuandika jina moja na sikujua la nani, kwamba nilidanganya mwaka mzima, wanisamehe. Nikataka kukaa. "Ngoja," akasema mzee mmoja, "batu bote bamesema. Jina ya nani haiyasemwa?" Watu wakatazamana, wakahesabu kwa vidole. Ni Faida aliyecheka kwanza, huku machozi yanamtoka. "Mwalimu," akasema, "ni yako." Daftari lile la shirika lilikuwa la kabla yangu. Mimi niliingia shirika wakati wa Majilio, kuelekea Noeli, nikapewa kalamu, nikawaandika wote, na sikuwaza hata mara moja kwamba mimi pia ni mtu wa kuandikwa. Kicheko kilijaa chumbani, lakini mimi nilisimama nikisikia baridi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa: mwaka ule wote, mtihani ule, machozi yale nyuma ya nyumba, hakukuwa na aliyenishika.

"Miye nilikuwa naye," akasema Maman Nsimire. Alikuwa amekwisha kumtaja mtu wake mapema, jirani wa bondeni, na watu wakamkumbusha. "Nilikuwa na babili," akajibu, akaanza kukusanya sahani.

Jikoni, tukiosha vyombo, nilimuuliza alijuaje. "Nilisikia kucha zako ku beseni. Kraa! Nikajua karatasi imekosa. Kesho yake nikawaza, ya nani? Nikakumbuka sahani." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anasugua sufuria. "Ningekuambia, ungelala muzuri. Na ile shirika yote ingekosa sala yako. Minakusikiaka kila asubui ukiita jina ya batu, mwanangu. Ningekukatazaje?" Kisha nikauliza lile lililokuwa linanichoma: Papa Zihindula alikuwa na wa kumwombea, Faida alimtaja kila siku, na bado alikufa, sasa maombi yalimsaidia nini? Sikuuliza kwa unyenyekevu, niliuliza kwa hasira. Aliacha kusugua. "Alikufa jina yake ikiwa mu kinywa ya mutu," akasema. "Unazania ni kitu kidogo?" Nilikuwa na miaka ishirini, niliona ni kitu kidogo. Mwezi uliofuata nilipata shule Idjwi, nikapanda boti, na yaliyobaki ni maisha: madarasa, mume, watoto, kumzika mume, vita vilivyokuja na kurudi, na kila mwaka mpya tukiingia tukiwa hatujui utatutoa wapi. Nilikuja kumtembelea kila nilipoweza, na si mara nyingi kama nilivyotaka.

Kilio kilipokwisha, wageni wakatawanyika, nikabaki na Neema kwenye nyumba ileile. Mbao za ukuta zimebadilishwa matofali, na dirishani ziwa halionekani tena, mtu amejenga ghorofa. Jumapili ya kwanza ilikuwa inakuja. Neema ndiye anayeongoza shirika sasa, na aliona wasiwasi wa watu, wengine wakisema mwaka huu tuache, mioyo haiko. "Mwaka kama huu njo tutaacha?" aliwajibu. Akanitolea beseni, rangi imebanduka lakini ukingo bado ni wa buluu, akaniomba niandike majina. Niliandika nikiyasoma kwa sauti, na kutoka jikoni Neema akajibu "eeh", kwa sauti ya mama yake kabisa, ikabidi nisimame kidogo. Nilipomaliza akaja mlangoni akipangusa mikono. "Na yako, yaya?" Nikamwambia mimi ni mtu wa Idjwi, si wa shirika hili tena. "Mungu anashindwa kuvuka mayi?" akauliza. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kifuko cha rozari cha mama yake, kile cheusi cha zipu. "Nilikuwa nangoja batu batoke. Hii ni yako."

Ndani, pamoja na rozari, mlikuwa na kikaratasi kimechakaa kwenye mikunjo mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Nilikifungua juu ya meza. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama, zimekandamizwa kwa nguvu za mtu asiyejua kuandika, na nilizitambua hapohapo, kwa sababu alikuwa amezinakili kutoka kwenye jalada la kaye yangu. Alinakili kila kitu kilichokuwa pale, maana hakujua jina linakomea wapi. Iliandikwa: FURAHA 6e PÉDA.

"Kila asubui alikuwa anaishika na kuiangalia," akasema Neema. "Hata mu ugonjwa. Mi nilikuwa nazania iko sala."

Mwaka mmoja, ndiyo desturi. Mwaka ukiisha unarudisha karatasi, inachomwa, unapumzika. Lakini mimi nilipanda boti, na hakuna aliyempokea zamu. Nilipokuwa najifungua, nilipokuwa mjane, siku zile tulizolala porini na watoto, nilipozeeka na kupoteza meno, huyu mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mbabula, anamkumbusha Mungu habari za msichana wa mwaka wa sita mwenye mtihani.

Nilitaka kukificha kifuani, nirudi nacho kisiwani, nizikwe nacho. Nilikishika mpaka Jumapili, watu wa shirika walipoanza kuingia. Kisha nikaona kwamba nikikichukua kitakuwa ukumbusho tu, karatasi ya marehemu ndani ya sanduku, na mwaka uko pale nje unangoja na mimi sina mtu. Nikakikunja kwenye mikunjo yake ileile. "Utaitia mule?" Neema akauliza kwa mshtuko. "Na nani atajua ni nani?" Nikamwambia yeyote atakayekiokota aje akuulize, umweleze, na amwombee huyo mtoto afaulu. Nikakitia pamoja na vingine, nikafunika kitambaa.

Beseni likapita. Nani alikiokota sijui. Niliona tu, upande wa dirisha, mtu mmoja akikunjua karatasi na kukaa akiiangalia kwa muda mrefu. Neema akafika kwangu mwisho. Niliingiza mkono polepole, kwa woga wa kitoto, nikingoja ile sauti ya kucha. Kabla sijafika chini, vidole vyangu viligusa karatasi.